Trekta ndogo kwa shamba la Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo: ipi uchukue, na kwa bei gani

Nauza spea za trekta Gerezani, Kariakoo, na muuza spea humwona mwenye trekta siku zake mbaya tu. Hakuna anayeingia dukani kunisimulia kwamba leo amelima vizuri. Anaingia na kipande kilichovunjika amekifunga kwenye gazeti, shamba limesimama, dereva anadai posho na masika ndiyo hayo yanapita. Kwa hiyo haya ninayoandika yameegemea upande huo: trekta naichagua huku nafikiria siku itakayoharibika.

Ninayemwandikia namjua vizuri. Anaishi Dar, ana kazi au biashara yake, na ana ekari kumi hadi thelathini huko Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo au Kibaha. Amechoka kubembeleza trekta za kukodi. Ameonyeshwa ya HP 25 (HP ni nguvu za farasi), ya 35 na ya 50, na kila dalali anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe.

Anza na udongo na miti uliyonayo

Sehemu kubwa ya Mkuranga ni kichanga. Kulima kichanga hakuhitaji nguvu nyingi, lakini tairi linateleza na kujichimbia, hasa ukivuta tela lenye mihogo. Mabonde ya Ruvu ni mfinyanzi mweusi: ukikauka ni jiwe, ukilowa unanata mpaka kwenye rimu. Kwa maeneo yote mawili nakushauri trekta inayovuta magurudumu yote manne. Ya magurudumu mawili ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, na kama shamba lako ni tambarare lenye udongo mwekundu ulioshikana, itakutosha.

Halafu visiki. Shamba lililotoka porini juzi lina mizizi ambayo huioni. Rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, ikikutana na kisiki cha mkorosho inapinda visu, na ikizidi inakata shafti. Plau ya diski inapanda juu ya kisiki na kushuka upande wa pili, ndiyo maana wazee wa mashamba mapya hawaiachi. Kama visiki bado vipo, tenga kwanza fedha ya kuving'oa, au anza na diski na rotaveta ije baadaye. Na kichanga kikisagwa na rotaveta kila msimu kinakuwa unga, mvua ya kwanza inakisomba. Mimi pale kwangu Vikindu rotaveta inapita kwenye matuta ya mboga, kwingine haro, zana ya kuvunja mabonge, inatosha.

Kama una mikorosho au michungwa, chukua futi kamba upime. Mikorosho iliyopandwa kwa mita 12 kwa 12 inaacha nafasi nzuri kati ya mistari, lakini matawi ya chini ndiyo yanayoamua. Trekta ndogo yenye fremu ya kinga inayokunjika nyuma ya kiti inapita chini ya mkorosho na slasha yake ya kufyekea nyasi. Ya HP 60 yenye kibanda inavunja matawi, na korosho zako zinaondoka nayo. Ukimaliza kazi chini ya miti, fremu irudishwe juu. Milima ya Kisarawe imelaza trekta nyingi ubavu.

HP ni nusu ya habari

HP inayotangazwa ni ya injini. Inayofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, ni pungufu, kama asilimia 85 hivi. Muulize muuzaji namba ya PTO. Asipoijua, hiyo nayo ni habari.

Kwa kazi zetu, HP 30 hadi 45 inazungusha rotaveta ya upana wa mita 1.2 hadi 1.5 bila kulia. Pima upana wa matairi ya nyuma kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje: rotaveta isipofunika upana huo, utaacha mistari iliyokanyagwa kila unapopita. Plau ya diski mbili ni saizi ya HP 35 na kuendelea. Diski tatu ziachie trekta za HP 50 na zaidi. Pawatila, trekta ya kushika kwa mikono, inalima jaruba la mpunga na bustani ya ekari mbili tatu vizuri tu, ila usiipe ekari kumi za kichanga chenye mizizi. Dereva wake ataacha kazi kabla ya vuli kwisha.

Uzito watu wanausahau. Trekta nyepesi yenye HP nyingi inaungurumia palepale. Uliza kilo. Ukitaka kuongeza, maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu yanasaidia, na vyuma vya mbele vinazuia pua isinyanyuke rotaveta inapoinuliwa.

Na angalia mikono mitatu ya kuning'iniza zana. Ina madaraja kwa ukubwa: pini za mikono ya chini kwa daraja la kwanza, la trekta ndogo, zina unene wa milimita 22, kwa daraja la pili 28. Zana ya daraja moja haikai kwenye trekta ya daraja jingine bila bushi au kuchomelea. Trekta nyingi za mtumba kutoka Japani zina mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya rotaveta yake tu. Ukinunua ukitegemea kufunga plau ya hapa, utatafuta mikono mingine.

Zinazopatikana mjini

Mpya: nyingi ni za Wahindi, yaani Mahindra, Swaraj, Sonalika, Farmtrac, na John Deere za kiwanda cha Pune. Ni nzito, hazina mapambo, na fundi yeyote wa Morogoro anazifungua. Uzuri wa mpya ni dhamana na duka lenye jina, basi dhamana isome: nani analipia usafiri wa fundi mpaka shambani?

Mtumba wa Japani: Kubota, Iseki, Yanmar, Shibaura. Ndogo, laini, injini zinadumu, na zinakuja na rotaveta. Ndizo zinazopendwa na watu wa mjini na kwa shamba la miti nazipenda hata mimi. Shida yake iko kwangu dukani: modeli ni nyingi mno na nyingine ziliuzwa kule kwao peke yake, hazikuwahi kuwa na wakala nje. Lebo zote ni Kijapani, zipige picha simu ikutafsirie. PTO yake huwa na gia tatu au nne. Slasha ya hapa imetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Dereva akiiweka gia ya juu ataivunjavunja na vipande vitaruka.

Wazee: Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa Coventry kuanzia 1964 hadi 1975, na ndugu zake wa baadaye kama 240. Injini ya Perkins ya silinda tatu. Haivuti kwa magurudumu manne, breki zake zinahitaji imani, lakini spea zake nazitoa kwenye rafu nikiwa nimefumba macho. Pia zipo Farmtrac na New Holland zilizoletwa na SUMA JKT wakati wa Kilimo Kwanza. Zinauzwa tena na tena, na nyingi ni za HP 50 kwenda juu.

Sasa fanya hivi kabla hujatanguliza hata shilingi. Andika modeli kamili na namba ya injini. Nenda maduka matatu ya spea, Gerezani, Barabara ya Nyerere, popote. Omba vitu vitano: kichujio cha dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, sili za ekseli ya mbele, na pampu ya haidroliki. Usiulize kama vinapatikana, maana mfanyabiashara hasemi hapana. Mwambie akuwekee juu ya kaunta, uvishike. Akisema tutakuagizia, andika hakuna. Trekta yenye "hakuna" tatu kati ya tano iwe ya bei ya kutupa, au iache.

Kukagua ya mtumba

Nenda asubuhi na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika, na anayeiwasha mapema ana sababu. Subiri ipoe, hata kama ni saa mbili. Mwambie muuzaji unakwenda kunywa chai.

Ikiwashwa, tazama moshi. Mweupe kidogo kisha ukaisha, sawa. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi ikiwa haina mzigo, nozeli au kichujio cha hewa. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kwa nguvu na kutema, ringi zimechoka.

Inua rotaveta mpaka juu, zima injini, endelea na mengine. Baada ya dakika kumi rudi uitazame. Ikiwa imeshuka hadi chini, haidroliki inavuja ndani. Tingisha magurudumu ya mbele, usikilize pini ya katikati ya ekseli. Ikanyage klachi, ingiza kila gia, vuta mzigo kwa kila moja. Gia inayochomoka yenyewe ukiwa mlimani ni ya hatari. Meta ya saa usiiamini peke yake. Meta ikisema saa 700 na mpira wa pedali ya klachi umelika mpaka chuma, amini pedali. Tazama na meno sita ya shafti ya PTO: yakichongoka kama meno ya msumeno, trekta hiyo imetumika.

Kuna jambo moja wanunuzi wengi hawalifanyi. Trekta za Japani nyingi zimeishi kwenye majaruba ya mpunga, ekseli ya mbele ndani ya maji msimu baada ya msimu. Sili zikichoka, maji yanaingia kwenye gia za mbele. Tulikuwa kwenye yadi moja tukimwangalizia mteja Kubota nzuri kweli, rangi inang'aa, matairi mapya. Fundi wangu akalala chini na spana na kikopo.

"Fundi, hapo mbele unafungua nini tena?" mzee muuzaji akauliza.

"Naangalia kama imekunywa maji, mzee."

"Gari zima hilo, jamani, mnaniharibia."

Bolti ilipolegea ikatoka kwanza maji matupu, kama nusu glasi, kisha oili ya rangi ya chai ya maziwa. Mzee hakubishana tena. Mteja aliinunua hiyohiyo, lakini kwa bei iliyotolewa gharama ya sili, beringi na gia za pande zote mbili, nasi tukampigia hesabu palepale kwenye boneti. Trekta yenye kasoro inayojulikana na yenye spea kwenye rafu naipendelea kuliko isiyo na kasoro yoyote kwa mdomo wa dalali.

Bei: piga hesabu kwa ekari

Hapa ndipo watu wanapotaka niseme namba, na namba za wiki hii mjini hazitakuwa za mwezi ujao. Nitakupa njia, na mfano wenye namba nyepesi. Weka zako.

Tuseme trekta ya mtumba ya HP 30 na rotaveta yake unaambiwa milioni 24. Ongeza slasha, betri, matengenezo ya kwanza, oili zote kubadilishwa, usafiri hadi shambani: tuseme milioni 6. Kwa hiyo bei ni milioni 30, si 24. Baada ya miaka kumi utaiuza milioni 10, kwa maana hiyo kila mwaka inakula milioni 2 kwa kuzeeka. Fedha yako uliyoifungia humo nayo ina gharama, iwe riba ya mkopo au faida uliyoikosa. Kwa asilimia 10 ya wastani wa milioni 20 ni milioni 2 nyingine. Matengenezo asilimia 5 ya bei, milioni 1.5. Jumla milioni 5.5 kwa mwaka, hata ikilala chini ya mwembe.

Sasa gharama ya kulima. Rotaveta ya mita 1.4 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ukitoa kugeuza na kuziba mapengo, inafanya kama mita za mraba 3,000 kwa saa. Ekari ni 4,047. Chukua saa moja na nusu kwa ekari, maana shamba halikosi kona na vichaka. Kwa lita 5 kwa saa ni lita 7.5, kwa shilingi 3,000 ni 22,500. Bei halisi ya dizeli itoe kwenye tangazo la EWURA, linatoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Dereva 10,000, grisi na visu 2,500. Jumla 35,000.

Kama wa kukodi kijijini kwako anatoza 75,000 kwa ekari, kila ekari unayolima kwa trekta yako inakuokolea, au inakuingizia, 40,000. Gawa milioni 5.5 kwa 40,000: ekari 137 kwa mwaka ndipo unarudisha gharama bila faida.

Una ekari 15 unazolima vuli na masika. Hizo ni 30. Zilizobaki 107 zitoke kwa majirani. Na uwezo wa trekta yenyewe? Kwa saa nane ni ekari tano kwa siku. Ukipata siku 15 nzuri kwa msimu, kwa sababu kuna siku za mvua, za dereva kwenda msibani na za kuja kwangu kutafuta sili, ni ekari 75, misimu miwili 150. Trekta ya HP 30 kwa bei hiyo inafika kwenye mstari ikiwa imeishiwa pumzi. Wengi wanaoniambia "nitakodisha, itajilipa" hawajawahi kufanya kugawanya huku.

Igeuze hesabu upate dari ya bei yako. Gharama za mwaka katika mfano huu ni kama asilimia 18 ya bei. Kama una uhakika wa ekari 100 kwa mwaka, ni milioni 4. Gawa kwa 0.18, unapata milioni 22 na ushee. Hiyo ndiyo fedha yote, trekta na zana na usafiri. Muuzaji akikomaa na 24 ya trekta peke yake, mshukuru uondoke.

Hesabu hii haijaingiza kuwahi. Mvua za masika zikianza, kila mtu anataka trekta wiki mbili zilezile, na wa kukodi anaanza kwa mwenye ekari nyingi. Kama kuchelewa kunakugharimu zao, liandike kwa shilingi uliongeze. Tela nalo: kubeba mihogo, maji, mbolea ya kuku na mchanga wa jirani anayejenga kunaweza kuingiza kuliko kulima, na kunafanyika kiangazi. Lakini ukishaandika yote na bado haifiki, kodi, au ungana na majirani wawili mnunue moja ya HP 50 kwa mkataba wa maandishi.

Karatasi na mkopo

Trekta ya kilimo katika viwango vya forodha vya Afrika Mashariki inaingia kwa ushuru wa asilimia 0. Hii haimaanishi kuagiza mwenyewe ni bure: kuna meli, bandari, wakala wa forodha, na gharama za kuhifadhi zinazopanda kila siku karatasi zikichelewa. Mpe wakala nyaraka kabla meli haijafika, aandike wazi ni trekta ya kilimo, kwa sababu kichwa cha kuvuta semitrela kina ushuru wake. Sheria za kodi hubadilika kila Julai kwa Sheria ya Fedha, hivyo mwombe hesabu mpya kwa maandishi.

Ukinunua hapa nchini, dai bei kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na muuzaji anayekupa dola anakubebesha kuyumba kwa dola. Lipa benki, chukua risiti ya EFD. Kwa mtumba, linganisha namba ya chasi kwenye chuma na kwenye kadi kwa macho yako, andikishianeni kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA.

Mkopo: ulizia TADB (benki ya maendeleo ya kilimo), kampuni za PASS Leasing na EFTA, pamoja na benki yako. Wanaokodisha kwa kumilikisha huichukulia trekta yenyewe kama dhamana, inasaidia kama kiwanja chako hakina hati. Linganisha jumla utakayolipa hadi mwisho, na uombe marejesho yafuate mavuno badala ya kila mwezi. Korosho hazitoki Machi.

Kwa trekta mpya, punguzo la bei si kitu pekee cha kudai. Wakikataa kushusha, omba vichujio vya mwaka, huduma ya saa 50 za kwanza ifanyike shambani, dereva afundishwe siku nzima, na kifuniko cha shafti ya PTO kiwepo na kisiwe kimevunjika. Hicho cha mwisho usikiachie. Khanga, kanzu au koti la mvua likishikwa na shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika, hakuna muda wa kupiga kelele. Injini izimwe kabla ya mtu kusogelea rotaveta, hata kwa kutoa jani moja.

Wiki ya kwanza kaza nati zote za magurudumu, badilisha oili ya injini na ya gia kama ni mtumba hata ukiambiwa imebadilishwa jana, na mpe dereva daftari la kaunta aandike saa za meta asubuhi na jioni, lita alizojaza na ekari alizolima. Safisha redieta kila jioni ya kufyeka. Mbegu za nyasi zinaziba na injini inachemka huku dereva anaimba.

Usiendeshe trekta kutoka mjini kupitia Mbagala. Tafuta gari la kubebea mashine, mpatane bei ya mpaka shambani na si mpaka barabara ya lami, maana kutoka lami kuingia ndani ndiko wanakokwamia. Nusu lipa ikipakiwa, nusu ikishushwa magurudumu yakiwa chini.